Kila Saa Tatu: Tajriba ya Mfasiri Mwanagenzi

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii niliisikia nikiwa mtoto, nikaitumia katika insha za shule ya msingi, na nilipoingia chuo kikuu nikaichambua darasani pamoja na wenzangu: kibaba ni kipimo cha nafaka, vibaba vinne ni pishi moja, na funzo lake ni subira na kuweka akiba. Hata hivyo, sikuwahi kuiona methali yenyewe ikitendeka mbele ya macho yangu mpaka mwaka 2019, nilipomtazama muuguzi akipima mililita saba za maziwa na kuyatiririsha polepole katika mpira mwembamba uliopita puani mwa mtoto wa dada yangu. Haba ile haikujaza hata vijiko viwili vya chai, lakini uhai wa mtu ulikuwa ukiitegemea.

Nia ya makala haya si kufundisha utabibu, kwani mimi si tabibu. Nia yangu ni kuungama mbele ya wanachama wenzangu na wahadhiri wetu kosa moja la lugha nililolitenda kwa mkono wangu. Ni kosa ambalo lisingenipunguzia hata alama moja katika mtihani, pengine lingeniongezea. Ilhali nyumbani kwetu nusura limwangamize mtoto.

Kwetu ni Mbololo, katika Kaunti ya Taita Taveta. Asiyepajua na ashuke mjini Voi, kisha atazame kaskazini-magharibi. Kile kilima kilichojitenga na milima ya Dawida ndicho Mbololo. Kileleni kuna msitu wa ukungu, na kivulini mwa miamba yake huota ua dogo la zambarau ambalo wataalamu wa mimea hulifuata kutoka mbali kwa kuwa asili yake ni kilima hiki peke yake. Chini ya kilima nchi ni kavu, na ndovu wa Tsavo huvuka mashambani wapendavyo, hasa usiku. Lugha ya nyumbani ni Kidawida. Kiswahili ni cha shule, soko na kanisa. Kiingereza ni cha karatasi.

Mwezi wa Julai mwaka huo dada yangu alijifungua kabla ya siku zake. Mimba ilikuwa ya majuma 31, na mtoto, mvulana, alikuwa na gramu 1,450. Majirani walitufariji kwa imani iliyoenea kote kwamba mtoto wa miezi saba huishi, wa miezi minane ndiye wa kuogopewa. Muuguzi wa makamo aliyekuwa zamu alitabasamu aliposikia hayo, akasema kwamba kila juma mtoto alilozidi kukaa tumboni ni faida kwake, na kwamba huyu wetu angehitaji kulipwa majuma aliyopunjwa. Malipo yenyewe, akasema, ni joto na maziwa.

Nilikuwa likizoni baada ya kumaliza mwaka wa tatu, nami nikawa mtu wa kupeleka chakula na nguo safi hospitalini. Ndipo nilipojifunza hesabu ambayo sikuwahi kudhani kwamba ipo. Nilikuwa nikiamini kuwa mtoto hunyonya hadi ashibe, basi. Kumbe mtoto aliyezaliwa mapema hivyo hawezi. Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango, pasipo kimoja kukikwamisha kingine, hukamilika karibu na juma la 34. Kabla ya hapo maziwa hupitishwa kwa mpira hadi tumboni, kisha kwa kikombe kidogo, na mtu mzima ndiye anayepaswa kujua kiasi. Akizidishiwa, hutapika, na maziwa yanaweza kumwingia mapafuni. Matumbo yake machanga nayo yanaweza kupatwa na ugonjwa wa hatari. Akipunguziwa, sukari ya damu hushuka, mwili hupoa, naye husinzia. Akisinzia, haombi. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi ya yote: kwamba mtoto mwenye njaa kali anaweza kuwa ndiye mtoto mtulivu kuliko wote wodini.

Muuguzi alinionyesha hesabu hiyo kwenye kiganja chake, kwa kalamu. Siku ya kwanza mtoto wetu alipangiwa mililita 60 kwa kila kilo ya uzito wake. Kilo 1.45 mara 60 ni mililita 87 kwa siku nzima. Alinyweshwa kila baada ya muda wa saa mbili, yaani mara 12 usiku na mchana. 87 ukizigawa kwa 12 unapata mililita saba na ushei. Siku ya pili kiwango kilipanda hadi 80 kwa kilo, siku ya tatu 100, na kadhalika, hadi siku ya sita kikafika 160, ambapo kila mlo ulikuwa mililita 19. Naomba msomaji asiichukue hesabu hii kuwa kanuni ya kila mtoto. Miongozo ya hospitali hutofautiana kidogo, na mtoto mgonjwa huwa na hesabu yake. Hii ilikuwa ya huyu wetu.

Nilimuuliza swali nililoliona la werevu. Katika siku za mwanzo mtoto alipungua hadi gramu 1,340. Je, hesabu isingepaswa kushuka pamoja naye? Akajibu, "La, kijana wangu. Watoto wote hupungua kidogo siku za kwanza. Tunashikilia uzito wa kuzaliwa mpaka aupite. Ukimpimia kwa uzito aliopungua, utakuwa unailisha njaa, si mtoto." Maneno hayo niliyaandika katika daftari langu kwa sababu yalinipendeza kama mwanafunzi wa fasihi. Sikujua kwamba yangenirudia.

Joto nalo lilikuwa na somo lake. Katika wodi ile akina mama walifundishwa kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa leso. Njia hii ilianzia Bogotá nchini Colombia mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na mashine chache za joto kuliko watoto. Daktari Edgar Rey Sanabria ndiye aliyeianzisha, nayo ikapewa jina la yule mnyama wa Australia abebaye mwanawe mfukoni. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mara tu baada ya mtoto kuzaliwa. Nyanya yetu alipokuja kumtazama mjukuu, alielezwa habari za kangaruu akabaki kutikisa kichwa kwa heshima tu. Kisha akamwona dada yangu alivyomweka mtoto, uso ukamkunjuka. "Kumbe ni kama nyani," akasema. "Nyani mwenye mtoto mchanga humbeba tumboni, hambebi mgongoni. Mgongoni ni mpaka apate nguvu."

Wodi nzima ilicheka, lakini muuguzi hakucheka. Alisema kwamba tangu siku hiyo angewaambia akina mama wa upande wetu habari za nyani. Nchi yetu ni nchi ya nyani. Si mbali na Voi kuna mahali panapoitwa Manyani. Darasani tulikuwa tumefundishwa nadharia ya Eugene Nida kuhusu tafsiri inayomgusa mpokeaji kama matini asilia ilivyomgusa mpokeaji wake, nami niliandika kurasa sita kuihusu. Nyanya, aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima katika masomo ya ngumbaru, aliitekeleza kwa sentensi moja. Hilo lilipaswa kunionya.

Mwezi wa Agosti, siku ya Jumatatu, mtoto akiwa na gramu 1,800, waliruhusiwa kwenda nyumbani. Alikuwa ameanza kunyonya, ila alichoka upesi. Ilibidi aendelee kunyweshwa kwa kikombe maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Hesabu ilikuwa hii: kilo 1.8 mara 160 ni mililita 288 kwa siku. Sasa ni milo minane. Kila mlo mililita 36. Tulipewa karatasi mbele yake ikiwa na Kiingereza cha mkato ambacho hata mimi sikukifahamu. Kulikuwa na herufi tatu ambazo kumbe ni kifupisho cha maziwa yaliyokamuliwa, na sehemu ya moja chini ya 52 ambayo niliidhania kipimo cha dawa, kumbe ni agizo la kurudi baada ya juma moja, kwa kuwa mwaka una majuma 52. Nyuma ya karatasi, kwa hisani yake, muuguzi alikuwa ameandika kwa Kiswahili: maziwa ya mama mililita 36 kila masaa matatu, usiku na mchana, hata kama amelala mwamshe.

Hapa ndipo ninapoungama. Karatasi ile ilikuwa imelowa maziwa, nami nikajitolea kuandika nakala safi ya kubandika ukutani. Nilipofika kwenye "masaa matatu" kalamu ilisita. Kila aliyepitia somo la sarufi katika vyuo vyetu anajua kwamba saa ni nomino ya ngeli ya I-ZI, umoja saa na wingi saa, na kwamba "masaa" ni kosa. Mimi mwenyewe niliwahi kumcheka mtangazaji wa redio kwa kosa hilo. Nikalisahihisha. "Usiku na mchana" nikaiona ni uradidi, maadamu neno "kila" limekwisha kutosheleza. "Hata kama amelala mwamshe" nikaiona ni lugha ya mazungumzo. Nakala yangu ikasomeka hivi: Maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Kipimo: mililita 36. Muda: kila saa tatu. Niliibandika karibu na dirisha, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Ilikuwa sanifu.

Jumatatu na Jumanne hapakuwa na tatizo, kwa sababu dada yangu hakuhitaji karatasi. Alikuwa ameuzoea mwendo wa hospitali, nami nilimsaidia kupima kwa sirinji isiyo na sindano. Jumanne usiku alishikwa na homa. Titi moja lilikuwa limevimba na kuwa jekundu. Nyanya akaja kulala nasi ili ashike zamu ya kumnywesha mtoto, dada abaki kukamua maziwa na kupumzika. Mimi Jumatano alfajiri nilikuwa na safari ya Mombasa, kwa mahojiano ya nafasi ya mazoezi ya uhariri. Nilimnywesha mtoto mlo wa saa kumi na mbili, nikamwonyesha nyanya mstari wa sirinji, nikamwonyesha karatasi ukutani. Aliisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno. Hakuuliza kitu, nami nikaondoka nikiwa nimeridhika.

Nilikusudia kurudi jioni ile ile. Mahojiano yalichelewa, na gari likanifikisha Voi usiku. Njia ya kupanda kwetu usiku ni ya ndovu, si ya pikipiki, nikalala kwa jamaa mjini. Nilipiga simu. "Mtoto yu hali gani?" Nyanya akajibu, "Amelala vizuri, hasumbui." "Amekunywa?" "Amekunywa kwa saa yake." Nikalala usingizi mnono.

Alhamisi nilifika nyumbani yapata saa nne asubuhi. Dada alikuwa amejifunika gubigubi, anatetemeka. Mezani palikuwa na beseni la maji baridi, na ndani yake vikombe vitatu vimefunikwa kwa visahani. Nilifunua kimoja, nikaona maziwa.

"Nyanya, haya maziwa ni ya nini?"

"Ni ya mtoto. Dada yako amekamua mengi kuliko anavyohitaji. Saa yake haijafika."

"Saa ipi, nyanya?"

Akaniangalia kama mtu anayejiuliza kama mjukuu wake amechoka kwa safari. "Saa tatu. Ya asubuhi amekwisha kunywa. Sasa ni ya usiku."

Nilimfunua mtoto. Alikuwa amelala usingizi ambao sasa naweza kuusoma, lakini siku ile niliuona ni utulivu tu, mpaka nilipomshika mkono. Ulikuwa baridi. Midomo ilikuwa mikavu, na nepi ilikuwa kavu tangu usiku. Tangu asubuhi ya Jumatano hadi alfajiri ya Alhamisi alipaswa kunywa mara nane, mililita 288. Alikunywa mara mbili, mililita 72. Nyanya alikuwa amempeleka kwenye titi la mama yake kila alipojinyoosha, lakini alivuta mara mbili tatu akasinzia. Hiyo ni robo ya chakula chake na matone machache. Hesabu hii niliifanya papo hapo, bila kalamu, na sijawahi kuisahau.

Tulijaribu kumwamsha, akameza kidogo, akalala tena. Nyanya hakungoja maelezo. Alifungua vifungo vya gauni, akamweka mtoto kifuani, akajifunga leso mbili juu yake, akapanda pikipiki kama alivyokuwa. Sisi tukafuata kwa nyingine. Katika zahanati ya kwanza tuliyoifikia alipimwa: gramu 1,720. Wakamtoboa kisigino kupima sukari, wakakuta imeshuka, wakamnywesha walichoweza, wakatusukuma mbele kuelekea hospitalini. Ule mpira mwembamba ukarudi puani.

Muuguzi yule yule ndiye aliyekuwa zamu. Alipomaliza kumshughulikia mtoto alitugeukia, akauliza bila ukali, "Nani aliwaambia mumpe mara mbili kwa siku?" Nyanya akafungua fundo la leso, akatoa karatasi yangu aliyokuwa ameibandua ukutani kabla ya kutoka. Aliileta kama mtu aletaye ushahidi kwamba alitii. Muuguzi aliisoma, akanitazama mimi. Hakusema neno. Kimya chake kilinitosha.

Baadaye, tukiwa tumeketi kwenye benchi nje ya wodi, nilimwomba nyanya radhi. Nilitarajia hasira au machozi. Alisema tu, "Wewe uliandika saa tatu, nami nikangoja saa tatu. Niliona umeandika 'kila', nikajua si ya asubuhi peke yake, ni ya usiku pia." Kisha, baada ya kitambo, "Nilidhani ni kidogo. Lakini ni maandishi ya mtu wa chuo."

Wapenzi wasomaji, nimeichambua sentensi hiyo ya pili mara nyingi kuliko shairi lolote nililopata kusoma. Nyanya alilea watoto wake wote hadi wakawa watu wazima. Akili yake ilimwambia kwamba kipimo kile hakitoshi. Kilichomnyamazisha ni usanifu wa maandishi yangu.

Tuiangalie sasa sarufi yenyewe. Neno saa katika Kiswahili hubeba angalau mizigo mitatu: ni chombo cha kupimia wakati, ni nukta katika mwendo wa siku, na ni muda wa dakika 60. "Saa tatu" inaweza kuwa nukta, yaani asubuhi jua limekwisha panda au usiku watu wanapojiandaa kulala. Inaweza pia kuwa muda. Katika lugha sanifu tunatofautisha kwa kuongeza maneno: kwa muda wa saa tatu, baada ya saa tatu, saa tatu zilizopita. Tukiyaacha maneno hayo, maana ya nukta ndiyo inayomjia msikilizaji kwanza. Nyanya hakukosea hata chembe. Alisoma Kiswahili kama Kiswahili. Saa tatu katika Biblia yake ni saa tatu, na saa tatu katika redio yake ni saa tatu. Mimi ndiye niliyeyachukua mawazo ya karatasi ya Kiingereza na kuyavisha kanzu ya Kiswahili.

Na "masaa matatu" je? Nawaomba wahadhiri wangu wanivumilie. Watu wengi wanaosema masaa hawalisemi ovyo. Mtu yule yule anayesema "tukutane saa tatu" ndiye anayesema "nimengoja masaa matatu"; hatamsikia mtu akisema "tukutane masaa matatu". Wamekigawa kile ambacho sarufi yetu imekiacha kimoja: saa kwa nukta, masaa kwa muda. Sidai kwamba fomu hiyo iingizwe vitabuni kesho. Ninachosema ni kwamba muuguzi alipoiandika, iliifanya kazi yake barabara, nami nilipoifuta sikuuliza ilikuwa ikifanya kazi gani. Fauka ya hayo, ule niliouita uradidi, "usiku na mchana", "hata kama amelala mwamshe", ulikuwa ni kinga mbili alizoziweka mtu aliyekwisha kuona akina mama wengi wakikosea. Neno moja likianguka, lingine lidake. Niliziondoa zote kwa mpigo mmoja wa kalamu.

Mtoto alikaa hospitalini siku tano. Nilitaka kujua kama hesabu ingeanzia kwenye gramu 1,720, na kabla sijamaliza swali nikayakumbuka maneno ya daftari langu. Muuguzi alipima kwa kilo 1.8, uzito aliokuwa nao kabla ya kosa langu, akazigawa mililita 288 kwa milo 12 ili tumbo lisielemewe: mililita 24 kila mara. Siku ya tatu macho yalifunguka. Siku ya nne alilia kwa njaa, na wodi nzima ikafurahi kana kwamba ni arusi. Dada naye alitibiwa titi likapona, huku akiendelea kukamua. Waliporuhusiwa mara ya pili mtoto alikuwa na gramu 1,900, nasi tukafanya hesabu pamoja: 1.9 mara 160 ni 304; ukigawa kwa nane ni 38.

Safari hii sikuandika mimi peke yangu. Niliketi na nyanya na dada, nyanya akaongoza. Hatukuandika "kila" chochote. Tuliorodhesha nyakati nane, moja chini ya nyingine: saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita mchana, saa tisa, saa kumi na mbili jioni, saa tatu usiku, saa sita ya usiku, saa tisa ya usiku. Chini yake tukaandika: akilala mwamshe. Kisha nyanya akaongeza kitu ambacho hakimo katika karatasi yoyote ya hospitali. Alichukua vikombe viwili na punje nane za mahindi. Kila mlo ulipokwisha, punje moja ilihama kutoka kikombe cha kulia kwenda cha kushoto. Kabla ya mlo wa saa kumi na mbili asubuhi, cha kulia kilipaswa kuwa tupu. Ikibaki punje, mtoto anadai. Maziwa yaliyomwagika kwenye kitambaa nayo hayakuhesabiwa kuwa yamenywewa. Mlo uliofuata uliongezwa kidogo, maana muuguzi alikuwa ametueleza kwamba kinachojaliwa ni jumla ya usiku na mchana kuliko mlo mmoja mmoja.

Mwishowe nilimwomba nyanya anieleze kwa maneno yake, tena kwa Kidawida, atakachofanya usiku ule. Alinieleza mlo kwa mlo, nami nikamfuata kwa kidole kwenye orodha. Ndipo nilipofahamu kwamba tafsiri yangu ya kwanza haikuwahi kukamilika. Niliibandika ukutani nikadhani nimemaliza, kumbe tafsiri ya agizo humalizika pale aliyeshika kikombe anapoweza kulirudisha agizo hilo kwako, likiwa zima.

Mwaka 2020, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watoto wapatao milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati ulimwenguni, takribani mmoja katika kila kumi. Wenzetu wa Tanzania wana jina lao la mkato, mtoto njiti, na kila tarehe 17 Novemba dunia huwakumbuka. Wengi wa watoto hao, baada ya madaktari kumaliza kazi yao, hukabidhiwa kwa mama, nyanya au shangazi pamoja na kipande cha karatasi. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na chama chetu kimefurahia hilo katika kila kongamano. Ni haki yetu kufurahi. Lakini urasmi huo una deni, na deni lenyewe hulipwa katika vipande vile vya karatasi. Wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kusaidia kuviandika, kwa sharti kwamba tuketi kwanza na muuguzi anayejua kwa nini ameandika mwamshe, na nyanya anayejua kwamba kangaruu ni nyani.

Mtoto yule sasa yuko shule ya msingi, na ni mwembamba kama ufito. Sina shaka kwamba siku moja mwalimu atamtia alama nyekundu chini ya neno "masaa", nami nikiwa mjomba wake sitampinga mwalimu. Nitamweleza tu kijana wangu kwamba wingi wa saa ni saa, kisha nitamsimulia habari za punje nane za mahindi. Orodha ile ya nyakati nane bado iko nyumbani, imekunjwa ndani ya Biblia ya nyanya. Karatasi yangu ya kwanza, ile iliyo sanifu, ninayo mimi. Naitunza katika daftari langu la tafsiri, ukurasa wa kwanza, ili kila nikianza kazi niisome kabla ya kushika kalamu.